UZI MAALUMU: Kuchagua ditekta ya metali na kuitumia kwa wanaotafuta kwa kujifurahisha

#1 Sikio_la_Chini

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda mtu anafungua uzi akiuliza "ditekta ipi inaenda chini zaidi?" Mmoja anataja mashine yake, mwingine anamcheka, wanabishana mpaka uzi unakufa na muulizaji hajapata alichotaka. Nimeona niandike mara moja kwa urefu. Wenye uzoefu waongezee, wenye pingamizi walete. Hapa nawalenga wanaotafuta sarafu, pete zilizopotea, vifungo vya zamani, na kipande cha dhahabu kikitaka kujitokeza. Wachimbaji wa migodini wana mambo yao.

Nianze na hilo la kina, maana ndilo linalowatoa watu hela.

Ndani ya koili, ile sahani ya chini ya ditekta, kuna nyaya mbili zilizozungushwa. Mmoja unapeleka uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukikuta metali unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo nayo inatoa uga wake, ambao ule waya wa pili unausikia. Tatizo ni umbali. Kwa kitu kidogo kama sarafu, nguvu ya uga hupungua kwa mchemraba wa umbali wakati wa kwenda, na kwa mchemraba tena wakati wa kurudi. Ukiishusha sarafu mara mbili ya kina chake cha kwanza, kinachorudi kwenye koili kimedhoofika mara 64. Rudieni kuisoma hiyo namba. Mtengenezaji anaweza kuongeza nguvu ya mashine maradufu na bado akapata sentimita mbili tatu tu za ziada.

Kwa hiyo sarafu ya kawaida kwenye udongo wa kawaida husikika hadi sentimita 20 au 25 hivi, na mashine za kiwango cha kati hazipitwi mbali na zile za juu. Anayekutajia mita mbili anazungumzia pipa au sanduku la chuma, na mara nyingi hakwambii hivyo mpaka umelipa.

Mimi kwenye mashine natazama mambo ambayo matangazo huyaweka mwisho.

Uzito, kwanza. Utaipitisha kulia na kushoto saa nzima, saa mbili, tatu. Mashine ya kilo moja na robo na ya kilo mbili zinakaribiana ukizishika dukani kwa dakika moja. Baada ya saa mbili kiwiko kitakueleza tofauti. Na uzito wenyewe uangalie umekaa wapi. Betri zikiwa nyuma chini ya kiwiko, mkono hauvutwi mbele.

Kisha kasi ya kurejea, yaani mashine inachukua muda gani kumaliza kusikia kitu kimoja ili isikie cha pili. Sehemu walizokaa watu siku nyingi zimejaa misumari. Koili ikipita juu ya msumari na sarafu iko hatua ya kidole pembeni, mashine nzito kurejea bado inashughulika na msumari wakati sarafu inapita kimyakimya. Viwanja vingi vinavyosemwa vimekwisha kuvunwa vimebakiza vitu vya namna hiyo, vilivyojificha kando ya chuma, kwenye kina ambacho hata mashine ya zamani ingefika.

Na kusawazisha ardhi. Udongo wenyewe hujibu kama una madini ya chuma, kwa hiyo mashine lazima iambiwe ipuuze sauti ya udongo. Mashine za wanaoanza huja na usawazisho uliokwisha pangwa kiwandani, na kwenye udongo mpole zinafanya kazi vizuri tu. Jaribio ni jepesi: chukua sumaku, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya udongo mkavu wa unakotaka kutafuta. Ikitoka na ndevu nyingi nyeusi, usinunue mashine isiyoweza kusawazishwa.

Nitaendelea kwenye aina za mashine. Napata chai kwanza.

#2 Mdau_wa_Nyuma

Nipo siti ya mbele, daftari mkononi. Mkuu usiutelekeze huu uzi kama wengine.

#3 Sikio_la_Chini

Siutelekezi.

Aina kuu kwetu sisi ni mbili na nusu.

Ya kwanza ni VLF, kifupi cha Kiingereza cha masafa ya chini sana. Hizi zinapeleka wimbi la masafa ya chini mfululizo, kilohezi (maelfu ya mitetemo kwa sekunde) chache hadi makumi kadhaa. Ditekta nyingi za hobi ni hizi. Kwa kupima kuchelewa kwa jibu zinaweza kukisia ni metali gani: chuma upande mmoja wa kipimo, karatasi ya alumini juu kidogo, fedha na shaba huko mwisho.

Masafa yana tabia zake. Ya chini hupatana na vitu vikubwa na vinavyopitisha umeme vizuri kama sarafu za fedha. Ya juu husikia vidogo na vyembamba: cheni, hereni, punje za dhahabu. Ndiyo maana Garrett ACE 300 ambayo ni ya matumizi ya jumla iko kilohezi 8, Nokta Simplex+ iko 12, halafu unakuta Minelab Gold Monster 1000 iko 45 na Fisher Gold Bug 2 iko 71. Hizo mbili za mwisho zimetengenezwa kwa ajili ya dhahabu asilia na ukizipeleka uwanjani kutafuta sarafu utachoka na takataka ndogondogo.

Ile nusu ni VLF zinazotumia masafa mengi kwa pamoja. Minelab ilikuwa na mashine za hivyo tangu miaka ya 1990, lakini zilikuwa nzito. Equinox yao ilipokuja mwaka 2018 ikiwa nyepesi na ya kuzamishwa majini, soko lote likageuka, na leo hata mashine za wanaoanza kama Vanquish zina masafa mengi. Kama uwezo unaruhusu, chukua ya hivi. Ya masafa mamoja bado inafanya kazi, ila ufukweni kwenye mchanga uliolowa chumvi itakusumbua.

Ya pili ni PI, yaani ya mipigo. Hii inapiga mipigo mifupi yenye nguvu, mamia au maelfu kwa sekunde, inanyamaza baada ya kila mpigo na kusikiliza mwangwi wa metali unavyofifia. Haisumbuliwi sana na chumvi wala udongo wenye madini. Kasoro yake kubwa ni kuchuja chuma, yaani kukitenga na metali nyingine. Mara nyingi inakwambia "kuna kitu" na kuishia hapo.

#4 Mchimba_Kokoto

Hapo kwenye PI umeipunja mkuu. Watu waliopata dhahabu ya maana kwenye udongo mwekundu wamepata kwa PI. VLF kwenye udongo ule inapiga kelele kila jiwe. Anayeanza anunue PI moja kwa moja, asinunue mara mbili. Kuchimba kila kitu ndiyo dawa, chuma nacho ni metali.

#5 Sikio_la_Chini

Mchimba_Kokoto, kwenye udongo mwekundu wa dhahabu sikupingi hata nukta. Sehemu za wazi ambako hapakuwahi kuwa na makazi, chuma ni kidogo, chimba kila sauti. Lakini muulizaji wa kawaida atakwenda kwenye shamba la zamani, uwanja wa michezo, kando ya njia. Mpe PI pale penye nyumba iliyobomoka, mita moja ya mraba itamletea misumari mpaka ajute kuzaliwa. Ataiweka mashine chini ya kitanda na hobi itaishia hapo.

Na hata kwenye dhahabu, kina si kila kitu. Lile pande la Hand of Faith lililopatikana Kingower, Australia, mwaka 1980, lilikuwa na kilo 27 na ushee. Aliyelipata alikuwa na ditekta ya kawaida ya Garrett, na lilikuwa karibu na uso wa ardhi. Eneo lile lilipitiwa na wachimbaji tangu karne ya 19.

#6 Mchimba_Kokoto

Hilo la Kingower nalikubali. La kuniita mchimba misumari silikubali 😄

#7 Binti_Bamvua

Naomba nichukue upande wa ufukweni, maana huko ndiko kwangu.

Mchanga mkavu wa juu hauna taabu, mashine yoyote inatosha. Taabu inaanzia pale mawimbi yanapofika. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo mashine inayaona kama metali kubwa iliyotanda. Ya masafa mamoja utaipunguza usikivu mpaka ibaki kama fimbo tu. Masafa mengi ndiyo dawa, au PI kama fukwe zenu zina mchanga mweusi wa magnetiti (madini ya chuma yenye usumaku).

Msiangalie saa, angalieni maji. Siku za bamvua maji yanapwa mbali na kufunua mchanga ambao siku za maji mafu huuoni. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi nyuma, ukigeuka unatafuta huku yanakujia. Baada ya dhoruba nenda penye mchanga uliokatwa, pale ufuo umekuwa kama ngazi. Vitu vizito hukusanyika pamoja: ukipata risasi za kuvulia samaki na sarafu mahali pamoja, usiondoke, pete nayo ni nzito na maji yameipanga humohumo. Ukipata vifuniko vya alumini tu, hapo maji yameacha vyepesi, sogea.

Koleo la bustani halifai. Tafuta kijiko kikubwa cha chuma chenye matundu na mpini mrefu: unachota, unatikisa, mchanga unatoka, kitu kinabaki. Cha plastiki kitakatika siku ya kwanza kwenye mchanga uliolowa.

Halafu soma vizuri maandishi ya kuzuia maji. Mashine nyingi koili yake inazama lakini kisanduku cha juu hakitaki hata manyunyu. Nyingine, kama Equinox 600 na 800 au Simplex+, zimeandikwa mita 3. Na hata hiyo ya kuzama, ukitoka ioshe yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ufungue kava la koili utoe mchanga. Mchanga mweusi uliojaa ndani ya kava huipigia mashine kelele na watu wanadhani imeharibika.

#8 Kijana_Mgeni

Shikamoo wakubwa. Nimepata ditekta ya kuanzia, ya masafa mamoja. Nimesoma kitabu chake. Shida inapiga kelele mfululizo hata nikiiweka tuli hewani nyuma ya nyumba. Nikiipeleka uwanjani inatulia kidogo lakini bado namba kwenye skrini zinarukaruka. Ni mbovu?

#9 FundiWaya

Marhaba kijana. Kabla hujaikatia tamaa, twende kwa mpangilio.

Ikipiga kelele tuli hewani, udongo hauhusiki. Ni umeme wa jirani: nyaya za nguzo, taa, kisambaza intaneti, uzio wa umeme, na simu yako mfukoni. Zima simu au iweke mbali. Kama mashine ina kitufe cha kuhamisha chaneli au kufuta kelele, kibonyeze ukiwa umeinua koili juu. Nyuma ya nyumba si mahali pa kujaribia ditekta hata siku moja, kwanza kuna nondo kwenye sakafu.

Kisha usikivu. Umeuweka mwisho, sivyo? Karibu kila anayeanza anauweka mwisho. Usikivu ukizidi, mashine inasikia kelele zake yenyewe na sauti dhaifu ya sarafu inapotelea humo. Ushushe mpaka itulie, kisha uupandishe hatua moja moja. Mashine iliyotulia kwenye robo tatu inapata vitu vya chini zaidi kuliko inayopiga kelele ikiwa mwisho.

Waya wa koili nao. Lazima uviringwe vizuri kwenye mpini usilegee. Waya unaoning'inia ukichezacheza karibu na koili unatoa ishara za uongo. Na plagi ikazwe kwa mkono.

Mwisho jitazame miguuni. Buti zenye chuma cha kukinga vidole, mkanda wenye bizimu kubwa, koleo ulilolishika mkono wa pili. Hili lina historia yake. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, huyuhuyu wa simu, aliletwa na chombo chake cha kutafuta risasi mwilini. Chombo kilifanya kazi majaribioni, ila kwa mgonjwa kikashindwa, na sababu moja inayotajwa ni springi za chuma za godoro alilolalia. Tatizo lile hatujalimaliza, tumelihamishia kwenye viatu.

#10 Kijana_Mgeni

Simu ilikuwa mfukoni na usikivu ulikuwa mwisho 🙈 Imetulia sasa. Ahsante sana fundi. Na namba za skrini nizichukulieje? Kitabu kinasema pete ya dhahabu ni kati ya namba fulani na fulani.

#11 Sikio_la_Chini

Kitabu hakijakudanganya ila hakijamaliza maneno. Namba inatokana na jinsi kitu kinavyopitisha umeme pamoja na ukubwa na umbo lake. Pete nyembamba ya dhahabu, kipande cha karatasi ya alumini na kile kishikio cha kufungulia kopo la soda huangukia namba zilezile, na hakuna mashine ya hobi inayoweza kuzitofautisha kwa uhakika. Ukiamua kuzima namba za vishikio ili usisumbuke, umezizima na pete. Anayetaka dhahabu lazima achimbe alumini. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna ishara nne ninazozitegemea kuliko namba.

Je, sauti inajirudia? Pitisha koili kushoto na kulia kwa mkono mfupi juu ya mahali pale. Kitu kizuri husema neno lilelile kila upande. Sauti inayosikika upande mmoja tu ukienda na kupotea ukirudi, mara nyingi ni chuma.

Zunguka robo duara, yaani nyuzi 90, upitishe tena. Msumari uliolala hubadilika kabisa ukiutazama kutoka upande mwingine. Sarafu iliyolala haibadiliki.

Namba imesimama au inatembea? Ikiruka kutoka chuma hadi juu kabisa kila unapopitisha, shuku bati lenye kutu au kifuniko cha chupa. Chuma kikubwa au bapa kina tabia ya kujifanya fedha.

Inua koili kidogo. Sarafu ya juujuu sauti yake itapungua haraka. Kitu kikubwa kilichozama kitaendelea kupiga hata ukiinua sentimita 30. Hiyo si sarafu, ingawa pengine ni kitu cha maana zaidi.

Kuhusu kuchuja chuma: chuja kidogo iwezekanavyo. Kama mashine yako inaruhusu kusikia chuma kwa sauti nzito ya chini, iache isikike. Ukikinyamazisha kabisa hutajua uko katikati ya msitu wa misumari, na utapita haraka pale unapotakiwa kwenda taratibu.

#12 Mpita_Mwituni

Wakuu naomba niingilie. Kuna jamaa anauza kifaa chenye antena mbili, kinasema kinaona dhahabu kutoka mita 500, unachagua aina ya metali kwenye skrini, antena inageuka yenyewe kukuelekeza. Ana video. Hizi ditekta zenu za sentimita 25 naona kama mnapoteza muda. Mwenye uzoefu nacho?

#13 FundiWaya

Uzoefu ninao wa kukifungua ndani, na nilichokuta ni betri, taa na saketi isiyounganishwa na antena kwa namna yoyote yenye maana.

Rudi post ya kwanza usome ile hesabu ya mara 64. Kama sarafu inafifia hivyo kwa kuongezeka sentimita chache, mita 500 kuna nini cha kusikia? Kinachogeuza antena ni mkono wako. Fimbo imewekwa ielee kwa usawa ili mtikisiko mdogo usioutambua uizungushe, na inageuka upande ule ambao wewe tayari unashuku. Mshike huyo muuzaji kwa jaribio moja: vikombe kumi vilivyofunikwa, kimoja kina pete, na anayevipanga awe ameondoka kabla mwenye kifaa hajaingia. Rudieni mara nyingi. Hatakubali, atasema mionzi ya jua imeingilia.

Na si utani. Kifaa cha namna hiyohiyo, ADE 651, kiliuzwa kwa majeshi na polisi, hasa Iraki, kama cha kutambua mabomu, antena inayogeuka na kila kitu. Aliyekiuza alifungwa miaka 10 Uingereza mwaka 2013. Watu walikuwa wanapitisha magari ya mabomu vizuizini wakiamini ile antena.

#14 Mpita_Mwituni

Dah. Nilikuwa nimeshaongea naye bei. Nimerudi nyuma.

#15 Sikio_la_Chini

Umeokoka. Hiyo hela nunua vitu vidogo ambavyo watu huvidharau.

Cha kwanza kabisa ni pinpointa, kile kijiti cha mkononi. Mashine kubwa inakwambia kitu kiko ndani ya eneo la sahani. Kijiti kinakuonyesha kiko ukuta gani wa shimo. Bila hicho utapanua shimo, utakwangua sarafu kwa koleo, na kitu kidogo cha rangi ya udongo kitabaki kwenye lundo ulilotoa. Kama ningelazimika kuchagua kati ya mashine ya juu bila pinpointa na ya kati ikiwa nayo, nachukua ya kati bila kufikiri.

Spika za masikioni: sauti za maana ni zile dhaifu, na spika ya nje inazipoteza kwenye upepo. Ila tahadhari na za bluetooth za kawaida, zile za muziki. Zinachelewesha sauti kidogo, na ukisikia mlio koili imeshapita kitu. Tumia za mtengenezaji wa mashine au zilizoandikwa kuwa hazicheleweshi. Chini ya maji mawasiliano ya redio hayafiki mbali, huko ni za waya.

Koleo liwe jembamba, imara, lenye meno upande mmoja ya kukatia mizizi. Kwenye majani kata pande tatu, fungua bonge kama mlango, weka udongo juu ya kitambaa, toa kitu, rudisha vyote, kanyaga. Mwenye shamba akirudi asione ulipopita. Takataka ondoka nazo. Ukizirudisha shimoni utazichimba tena mwakani.

Koili. Inayokuja na mashine huwa inchi 11 hivi na inatosha karibu kila mahali. Nyingi siku hizi ni za DD, ambazo uga wake unashuka kama upanga katikati kutoka mbele hadi nyuma, na zinavumilia udongo wenye madini. Zile za duara ndani ya duara uga wake unachongoka kwenda chini, kwa hiyo ukitumia hizo lazima upitishe mistari ikifunikana zaidi. Ukinunua koili ya ziada nunua ndogo, ya inchi 6, uingie nayo kwenye misumari. Kubwa ya inchi 15 inaongeza kina kwa vitu vikubwa, inachosha mkono, na inasikia takataka tatu kwa mara moja.

Namna ya kupitisha: koili iwe karibu na ardhi kadiri inavyowezekana bila kukwaruza, sambamba mwanzo hadi mwisho. Angalieni video yoyote ya anayeanza, mwisho wa kila mkono koili inapanda juu. Pale juu hakuna sarafu. Tembea nusu ya kasi unayodhani ni ya taratibu.

#16 Karani_wa_Shamba

Uzi mzuri, ila mmefika post ya 15 hakuna aliyegusa sheria. Ditekta inaweza kukutia matatani haraka.

Nchi hazifanani. Kwa England na Wales unaweza kutafuta kwa ruhusa ya mwenye ardhi, lakini si kwenye maeneo ya kale yanayolindwa, na vitu vinavyohesabika kuwa hazina chini ya sheria ya 1996 unatakiwa kuviripoti ndani ya siku 14 kwa ofisa anayechunguza vifo. Ndiyo, wa vifo. Ni utaratibu wao wa tangu enzi. Uskoti wana mfumo wao tofauti. Ufaransa kutafuta vitu vya historia kunahitaji kibali cha serikali. Sweden hivyohivyo, kibali kwanza. Ireland kutafuta vitu vya kale kwa ditekta bila idhini ni kosa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine gani, uliza sheria ya hapo ulipo inasemaje, kisha mwenye ardhi, na makubaliano ya nani anachukua nini yaandikwe kabla koleo halijagusa udongo. Urafiki mwingi umekufa baada ya kitu kupatikana.

Ukipata vitu vingi mahali pamoja, acha kuchimba. Novemba 1992 huko Hoxne, Suffolk, mkulima alipoteza nyundo, rafiki yake Eric Lawes akaenda na ditekta kumtafutia. Akakuta dhahabu na fedha za Warumi. Alipoona zinazidi, akasimama na kutoa taarifa, wanaakiolojia wakaja wakakuta sehemu kubwa bado imepangika kama ilivyozikwa. Zilikuwa sarafu karibu 15,000 na vyombo vya fedha, na hadi leo watu wanaweza kusema sanduku lilikuwa limepangwaje, kwa sababu tu hakulimaliza mwenyewe kwa koleo. Nyundo nayo ilipatikana, iko British Museum.

Na ukikuta kitu kinachofanana na kombora, bomu au fyuzi, usikisafishe, usikisogeze, usikipige picha kwa karibu. Weka alama mbali, ondoka ulikopitia, piga simu polisi. Kutu haiondoi baruti.

#17 Kijana_Mgeni

Ahsanteni wote. Nimetoka asubuhi na mashine imetulia, nimepata sarafu moja ya zamani ina ukungu wa kijani na vishikio vya soda sijui vingapi. Maswali mawili. Sarafu niisafishe na nini? Na nikijaliwa, niongeze koili ndogo au nibadili mashine kabisa?

#18 Binti_Bamvua

Hongera mdogo wangu! Usiisugue. Si dawa ya meno, si siki, si limau, si brashi ya waya. Iloweke kwenye maji yaliyochujwa, ubadilishe maji, udongo unaolegea utoke wenyewe. Ule ukijani ukiwa mgumu wenye uso usiokwaruza uache, ndio unaoishikilia sarafu. Ukiwa wa ungaunga na unazidi kuenea, hiyo sarafu inaendelea kuliwa, itunze mahali pakavu na umwonyeshe anayejua kabla hujaigusa.

#19 Sikio_la_Chini

Mashine usibadili sasa. Chukua pinpointa kwanza, halafu koili ndogo, na uhakikishe ni ya modeli yako hasa, maana koili nyingi haziingiliani hata kwa mtengenezaji mmoja. Kisha rudi palepale ulipopata hiyo sarafu, upande mwingine: kama asubuhi ulipita kaskazini kwenda kusini, sasa pita mashariki kwenda magharibi. Vilivyojificha nyuma ya msumari upande ule vinaonekana upande huu.

Ukianza kuona kwamba mashine ndiyo inayokuzuia, kwa mfano umehamia ufukweni kwa Binti_Bamvua, hapo njoo tuongee masafa mengi. Iliyotumika si mbaya, ila kagua masikio ya koili, pale inapofungwa kwenye mpini, yasiwe na nyufa, waya usiwe umefungwa kwa utepe, na namba ya usajili uihakiki kwa mtengenezaji kabla ya kulipa. Za bandia zenye majina makubwa zipo nyingi na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

#20 Mchimba_Kokoto

Na akihamia kwenye udongo mwekundu aje kwangu. Misumari nitamchimbia mimi.